Bei Anaipanga Mkulima

Leo tuongee juu ya masoko ya kando ya barabara, lakini ya kule Japani. Yanaitwa michi-no-eki, yaani vituo vya barabarani. Serikali yao ilisajili 103 ya kwanza mwaka wa 1993. Sasa yamepita 1,200. Dereva anapumzika, anaenda choo bila kulipa, halafu ananunua.

Katika mengi, mkulima huleta mboga zake asubuhi. Bei anaipanga yeye, si dalali, na anabandika karatasi yenye jina lake. Soko linakata kamisheni. Zisizonunuliwa anazirudisha nyumbani jioni, hasara ni yake. Hapo wengi wetu tungenung'unika!

Kituo cha Tomiura, mkoani Chiba, kinajulikana kwa lokwati, yale matunda ya manjano watoto wetu huyapandia miti. Lokwati likigongwa kidogo tu linakuwa jeusi na mnunuzi analikataa. Basi yaliyokataliwa wakayafanya jamu, aiskrimu, hata sabuni. Kule msafiri harudi mikono mitupu. Wenzake wa kazi wanangojea zawadi.

Sisi maembe yaliyopasuka tunawapa ng'ombe. Mkutano ujao, kila kikundi kije kimehesabu ni debe ngapi.