Saumu Ina Magharibi Yake: Tuyajue Maradhi ya Ulaji

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ndugu zangu vijana wa Garsen na Tana River kwa jumla, himdi zote ni za Allah (s.w.t.) aliyetufikisha Ramadhan nyingine, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Mada yetu ni maradhi ya ulaji. Najua wengine mshaanza kucheka: "Sisi huku twatafuta chakula, huyo anayekikataa ni nani?" Swali zuri. Njaa twaijua. Tumeona ukame ukimaliza ng'ombe, tumeona mto ukifurika na kuchukua mpunga na migomba. Lakini njaa ukiipa chakula huondoka. Maradhi haya hayaondoki kwa sahani ya wali, kwa sababu yamekaa akilini kabla ya kufika tumboni.

Yako ya namna nyingi. Tutaje matatu.

Kwanza, anoreksia. Mtu hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na hata akibaki mifupa hujiona mnene. Dalili zake: kukonda haraka, baridi isiyoisha, nywele kukatika, kizunguzungu, na kwa msichana hedhi kukatika. Msilione jambo dogo. Moyo unaweza kusimama.

Pili, bulimia. Huyu hula kwa siri, chakula kingi kwa mara moja, kisha hujitapisha au hunywa haluli. Kwa macho huenda asionekane mgonjwa kabisa. Tazama meno yanayoharibika, mashavu yaliyovimba, na kukimbilia chooni kila baada ya kula. Wapo pia wanaokula hivyo bila kujitapisha, na wao ni wagonjwa, si walafi.

Tatu, kula visivyo chakula, kama udongo au mchele mbichi, mpaka mtu hawezi kuacha. Hapo sasa hakuna anayecheka, maana sote twawajua. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa wajawazito 275 huko Kilifi, jirani zetu. Zaidi ya nusu walikuwa wakila udongo mara kwa mara, na ulaji huo ulihusiana na upungufu wa damu. Basi mtu asiseme kwamba ulaji huharibika kwa wazungu tu.

Yatoka wapi? Sababu haiwi moja. Kuna ya kurithi. Kuna majeraha ya moyo: sisi wa Delta, baada ya mapigano ya 2012 na 2013 yaliyoua zaidi ya watu 100, twajua kuna maumivu yasiyoonekana. Kuna ndimi zetu. Msichana akiwa mwembamba, "kwani kwenu hamli?" Akinenepa kidogo, "umekuwa pipa." Kuna na picha. Kule Fiji, ambako mwili mnene ulisifiwa kama unavyosifiwa pwani yetu, televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Kufika 1998, wasichana wa shule kama 11 katika kila 100 walisema wamejitapisha ili wapungue. Mwanzo hakuwako hata mmoja. Na hiyo ilikuwa televisheni tu. Leo simu inalala nasi mtoni.

Sasa tuje kwenye Ramadhan. Mwezi huu, ndugu zangu, ni mzuri sana kwa mgonjwa kujificha. Asiyekula mchana, nani atamuuliza? Akikosa daku, atasema alipitiwa na usingizi. Akifuturu kwa tende moja na maji, tutamsifu kwa zuhdi. Shawwal ikiingia ataendelea na sunna, na sisi tutasema mashaallah.

Lakini saumu ina Magharibi yake. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuharakisha kufuturu na kula daku. Na yule sahaba aliyekusudia kufunga daima bila kufungua alikatazwa. Basi anayefunga na kufuturu yuko katika ibada. Ambaye adhana ikilia anaogopa sahani, huyo ni mgonjwa, na mgonjwa sheria imempa ruhusa, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 184 na 185. Atalipa akipona. Kama uponaji hautarajiwi, kuna fidia. Aulize daktari, kisha amuulize sheikh.

Wewe uliye karibu naye ufanye nini? Usimlazimishe tonge mbele ya watu. Usimtangaze. Usikimbilie kusema ni jini au vidonda vya tumbo kabla hajapimwa. Dua na ruqya zisiachwe, lakini tiba nayo ni sunna. Mkalishe faraghani, umwambie ulichokiona, umsikilize. Kisha mfuatane kituo cha afya hapa Garsen, au hospitali ya Ngao au Hola, wampime na kumwelekeza kwa daktari wa akili. Ukimwona anazirai, au moyo wampiga ovyo, usingoje kesho.

Na wewe unayesoma haya ukajijua, sikiza: hujakufuru, wala imani yako si dhaifu kwa sababu unaumwa. Mwili wako una haki juu yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo hii, kabla ya tarawehe.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azitakabali saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.