Mota ya Njia Tatu, Nyumba ya Njia Moja: Mazungumzo na Wenye Karakana wa Tabora



Leo tunapenda kuzungumza nanyi, wenye karakana na mnaotarajia kuzifungua, juu ya jambo linaloweza kumaliza mtaji wa mtu kwa siku moja: kununua mashine ya njia tatu ilhali umeme uliopo nyumbani ni wa njia moja.

Mkoa wetu umezungukwa na misitu ya miombo, na mninga wake hugeuzwa milango, vitanda na makabati. Karakana nyingi huanzia uani. Mwenye karakana huona randa iliyotumika Dar es Salaam, bei yake ikamvutia, akaisafirisha zaidi ya kilomita 800, kisha akamwita fundi aiunganishe. Swichi ikiwashwa, mota hunguruma pasipo kuzunguka, hupata moto, na isipozimwa mapema koili zake huungua. Fedha imekwenda, na muuzaji yuko mbali.

Mara nyingi mashine yenyewe huwa nzima. Kilichokosekana ni umeme unaolingana nayo. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi walijua kipimo cha mzigo: takribani frasila mbili kwa mtu, yaani kilo 30 na ushei. Kilichozidi hapo kiligawanywa. Umeme nao una mabega yake. Njia moja ina waya mmoja wa moto na nyutro, kwa volti 230. Njia tatu ina nyaya tatu za moto zinazopokezana msukumo, na kati ya waya na waya kuna volti 400. Kupokezana huko ndiko kunakoizungusha mota. Mota ya kilowati 7.5, sawa na nguvu za farasi 10, huvuta takribani ampea 15 katika kila waya wa njia tatu. Kazi hiyohiyo ikibebeshwa waya mmoja wa volti 230, mkondo huzidi ampea 40, tena kabla ya kuhesabu mvuto wa kuwasha, ambao huweza kufika mara tano hadi saba ya huo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, someni kibati kilichobandikwa kwenye mota. Tazameni mambo mawili: kilowati na volti.

Mota ikiwa ndogo, tuseme isiyozidi kilowati 2.2, ipo njia ya kuitumia nyumbani. Kiko kifaa ambacho mafundi hukiita inveta. Si ile ya sola, bali ile inayopokea umeme wa njia moja na kutoa wa njia tatu. Huiwasha mota polepole, hivyo taa za jirani hazififii. Lakini inveta ya kawaida ya volti 230 hutoa volti 230, si 400. Kibati kikiandikwa 230/400, fundi anaweza kuifunga mota kwa mtindo wa delta, nayo ikafanya kazi ipasavyo. Kikiandikwa 400/690, mota hiyo itakosa nguvu. Msiinunue kwa tumaini la inveta hiyo. Hakikisheni pia kwamba inveta yenyewe imeandikwa kuwa inapokea njia moja, na msiweke swichi ya kukata umeme wakati wa kazi kati yake na mota. Ikingeni na vumbi la mbao.

Kapasita ni rahisi kwa bei, lakini mota hupoteza theluthi ya nguvu zake au zaidi, nayo hupata joto. Haifai kwa randa inayokula mbao ngumu. Kwa mashine ndogo, mara nyingine jambo jepesi kuliko yote ni kuibadili mota yenyewe kwa ya njia moja yenye kasi ileile.

Mota ikiwa kubwa, kama ya mashine ya kusaga au msumeno mkubwa, ombeni TANESCO njia tatu. Ulizeni kwanza kama nyaya tatu zinapita mtaani kwenu, kwa kuwa umbali wa kuzifikia huongeza gharama. Dai makadirio ya maandishi, lipia kwa namba ya malipo uliyopewa, na uitunze stakabadhi. Mali bila daftari huisha bila habari. Nyaya za ndani zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, pamoja na waya wa ardhini.

Msiwasikilize vishoka wanaoshauri kuvuta waya wa pili na wa tatu kutoka kwa majirani. Nyumba iliyounganishwa hivyo hubaki na umeme hata mita yake ikizimwa, na mtu anayedhani amezima huweza kufa akishika waya. Ni kosa la kisheria, tena ni kaburi lililo wazi.

Pigeni hesabu ya uniti pia. Mota ya kilowati 2.2 ikifanya kazi kwa mzigo kamili saa 2 kwa siku, kwa siku 25, hula zaidi ya uniti 110. Aliye katika kundi la D1, lililowekwa kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba karakana itamvusha kiwango hicho, na bei ya kila uniti iliyozidi ni kubwa zaidi.

Mkiwa na malalamiko juu ya huduma, yapelekeni kwanza kwa mtoa huduma kwa maandishi, nanyi mpewe namba ya kumbukumbu. Msiporidhika, nendeni EWURA; Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, litawaelekeza namna ya kuyawasilisha. Mashine iliyouzwa kwa maelezo ya uongo ni suala la Tume ya Ushindani, FCC.

Tunawasihi: pigeni picha kibati, mwonyesheni fundi mwenye leseni, ndipo mtoe fedha. Kama muuzaji anakataa kibati kisisomwe, rudini nyumbani na fedha yenu.