Dawa za Mikorosho na Uzazi: Funzo Linalotokana na Wanyama wa Maabara

(Mazungumzo kwa ajili ya mikutano ya vyama vya msingi)



Kila mwaka, tangu Juni hadi Septemba, mikorosho ya Mtwara huchipua na kuchanua, na ndipo kazi ya kupulizia dawa inapopamba moto toka nyanda za juu za Makonde hadi vijiji vya pwani vilivyo karibu na Mto Ruvuma unapoingia baharini. Mazungumzo haya hayakukusudiwa kumkataza mkulima kupulizia mikorosho yake. Madhumuni yake ni kueleza jambo moja ambalo wataalamu wamejifunza kwa kuku na panya wa maabara, nalo ni kwamba zipo kemikali ambazo haziui wala kuumiza mtu papo hapo, bali huvuruga maumbile ya uzazi ya kiumbe angali tumboni mwa mama yake. Chama kinachopokea dawa, kuzihifadhi ghalani na kuzigawa hakina budi kulielewa jambo hili, kwa sababu sehemu kubwa ya kinga yake imo mikononi mwa chama chenyewe.

Jinsi dawa zilivyoingia mashambani

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho zaidi ya tani 140,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo bei ndogo na wakulima kuhamia mbali na mashamba yao wakati wa kuanzishwa vijiji. Lakini ulikuwapo pia ugonjwa wa ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979, ambao hufunika machipukizi na maua kwa ukungu mweupe mfano wa unga na kuyafanya yakauke kabla ya kuzaa.

Silaha ya kwanza iliyoenea ilikuwa salfa ya unga. Baadaye Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kilijaribu dawa za maji zinazotumika kwa kiasi kidogo zaidi, miongoni mwao traiadimenoli, heksakonazoli na penkonazoli. Dawa hizo zilifaa, na mkulima aliyeziona zikiokoa maua yake hakuwa na haja ya kushawishiwa. Zote tatu ni za ukoo mmoja uitwao traiazoli, na ukoo huo ndio unaohusika hasa na mazungumzo haya. Salfa haimo katika ukoo huo. Madhara yake yajulikanayo zaidi ni kuwasha macho, ngozi na mapafu.

Traiazoli huua ukungu kwa njia ya pekee. Ukungu hujenga utando wa chembe zake kwa kutumia mafuta yaitwayo ergosteroli. Dawa huzuia kimeng'enya kinachotengeneza mafuta hayo, na ukungu hushindwa kukua. Taabu ni kwamba mwili wa mnyama, na wa binadamu pia, una vimeng'enya vya jamii hiyo hiyo, na baadhi yavyo ndivyo vitengenezavyo homoni za uzazi. Hii ndiyo sababu wataalamu waliona ni lazima kuuliza: dawa inayozuia kazi katika ukungu, je, haiwezi kuizuia pia katika mwili wa kiumbe mwingine?

Homoni na kazi yake

Homoni yaweza kufananishwa na barua inayotoka ofisi moja ya mwili kwenda nyingine. Korodani za kiumbe dume, hata akiwa bado tumboni, hutoa homoni ya testosteroni, na barua hiyo huviamuru viungo vijengeke kiume. Kemikali yaweza kuivuruga barua hiyo kwa njia tatu. Yaweza kukalia kiti cha mpokeaji, barua ikifika isipate wa kuisoma. Yaweza kughushi barua na kutoa amri isiyokuwapo. Au yaweza kumzuia mwandishi, barua isiandikwe kwa kiasi kinachotakiwa. Kwa kila njia mwili hutii amri isiyo sahihi, na mjenzi akishapita msingi haurudiwi.

Yaliyoonekana kwa kuku na panya

Dalili za mwanzo hazikutoka kwa panya bali kwa majogoo. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Marekani, Burlington na Lindeman, waliwadunga vifaranga dume dawa ya DDT kwa muda wa miezi miwili au zaidi. Vifaranga hao walikua, lakini upanga na ndevu zao zilidumaa, na korodani zao hazikufika hata moja ya tano ya ukubwa wa kawaida. Jogoo alikuwa hai na alikula chakula chake, ila hakuwa jogoo kamili. Miaka 45 ilipita kabla ya sababu mojawapo kufahamika: mwaka 1995 William Kelce na wenzake walionyesha kwamba DDE, mabaki yanayotokana na DDT ndani ya mwili, hukalia kiti cha testosteroni.

Wataalamu hao wa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, katika maabara yao ya Jimbo la North Carolina, walichunguza pia dawa ya ukungu iitwayo vinklozolini. Hii haikuwa dawa ya mikorosho. Ilitumika nchi za nje kwa mizabibu, matunda na mboga. Mwaka 1994 Earl Gray na wenzake walieleza matokeo ya kuwapa panya wenye mimba dawa hiyo katika siku za mwisho za mimba na siku chache baada ya kuzaa. Akina mama hawakuugua kwa namna ya kutisha. Lakini watoto madume waliopewa kipimo kikubwa walizaliwa na maumbile yanayofanana na ya kike: walikuwa na chuchu, ambazo panya dume hana, njia ya mkojo ilifunguka mahali pasipo pake, na wengine korodani zao hazikushuka. Walipokomaa hawakuweza kuzalisha. Katika jaribio jingine lililotolewa mwaka 1999, kiasi cha miligramu 3 hivi kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mama kilitosha kubadili alama ndogo za maumbile, ingawa ulemavu mkubwa ulionekana kwenye vipimo vya juu zaidi.

Traiazoli nazo zilipimwa. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani waliwalisha panya dawa tatu za ukoo huo, mojawapo ikiwa traiadimefoni, ambayo hugeuka kuwa traiadimenoli mwilini. Testosteroni katika damu ya madume iliongezeka isivyo kawaida, na kwa kipimo cha juu cha traiadimefoni uwezo wao wa kuzalisha ulipungua. Mwaka huo huo wataalamu wa Denmark walionyesha kwamba tebukonazoli, ndugu mwingine katika ukoo huo, ilirefusha muda wa mimba ya panya, ikawapa madume alama za chuchu na kuwafanya majike wawe na umbo la sehemu za siri linaloelekea la kiume.

Uzito wa ushahidi huu

Ni haki msikilizaji aulize kama panya wa Marekani au Denmark anaweza kumshuhudia mkulima wa Tandahimba au Nanyamba. Jibu la haki lina sehemu mbili. Kwanza, panya wa majaribio hupewa dawa kila siku, na mara nyingi kwa kipimo kikubwa kuliko kile kinachomfikia mtu anayekula tunda lililopuliziwa. Kwa hiyo haifai kusema kwamba kila mimba inayoharibika kijijini ni kwa sababu ya dawa ya mikorosho. Kusema hivyo ni kutia watu hofu na kuwaficha akina mama sababu nyingine zinazotibika hospitalini.

Pili, mpangilio wa homoni za uzazi wa panya na wa binadamu ni mmoja katika mambo ya msingi, na kulipuuza onyo la panya kumewahi kuleta majuto. Mwaka 1961 ilitangazwa kwamba dawa ya kuua minyoo ya udongoni iitwayo DBCP hunyausha korodani za panya. Dawa hiyo haipiti njia ya homoni. Huharibu chembe zinazotengeneza mbegu. Hata hivyo iliendelea kutengenezwa na kutumiwa. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Lathrop, California, waligundua katika mazungumzo yao ya kawaida kwamba wengi wao hawakuwa wakipata watoto. Walipopimwa, wengi walionekana kuwa na mbegu chache au hawana kabisa. Wafanyakazi wa mashamba ya ndizi ya Costa Rica nao walipatwa na dhara hilo. Onyo lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka 16 kabla.

Mto nao huchukua kinachotupwa. Katika Ziwa Apopka, Florida, mamba wa Marekani walionekana katika miaka ya 1990 wakiwa na testosteroni ndogo na viungo vya uzazi vilivyodumaa, katika maji yaliyochafuliwa na dawa za mashamba na dawa iliyomwagika kiwandani mwaka 1980. Mfano huo una maana kwa wavuvi wa Msimbati na jirani zao. Ruvuma humwaga maji yake katika mikoko na matumbawe ambayo tangu mwaka 2000 yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, mahali ambapo samaki na kamba huzaliana.

Wakati ndio wenye hatari

Funzo kubwa la majaribio yote haya ni la wakati. Mimba ya panya huchukua siku 22 hivi, na wataalamu wa Edinburgh walionyesha mwaka 2008 kwamba siku chache tu ndani ya muda huo ndizo zinazoamua maumbile ya kiume. Kemikali ikimpata mama siku hizo, kasoro hubaki maisha. Kwa binadamu kipindi hicho hukadiriwa kuwa kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya mimba. Katika wiki ya 8 mwanamke aweza kuwa bado hana hakika kwamba ni mjamzito, na aghalabu jirani hawajui. Ndiyo maana kanuni ya kumtoa mama shambani "mimba ikionekana" haitoshi. Ikionekana, wakati wa hatari umekwisha kupita.

Wajibu wa chama

Kwanza, katika kupanga wapuliziaji, chama kisimpe kazi hiyo mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, wala mtoto. Wanawake na watoto wasichanganye dawa, wasishike bomba kwa ajili ya kujaza, wala wasiingie shambani kupalilia au kuokota korosho kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo kupita. Wanaume nao wana uzazi wa kulinda: wavae nguo ndefu, mabuti, glavu na kinga ya uso, wapulizie upepo ukiwa mgongoni, na nguo zao zifuliwe peke yake na mpuliziaji mwenyewe. Mke anayefua kwa mikono nguo iliyolowa dawa hupata sehemu ya dawa bila kukanyaga shambani.

Pili, dawa zisikae ghala moja na chakula, korosho au magunia. Kilichotokea Vikuge, Wilaya ya Kibaha, ni fundisho. DDT iliyoletwa huko kama msaada mwaka 1986 iliachwa katika ghala lililoharibika hadi likaanguka, na miaka mingi baadaye wapimaji waliikuta bado udongoni kwa wingi. Katibu aandike katika daftari dawa iliyoingia, iliyotoka na tarehe ya mwisho wa matumizi, na asipokee kuliko kinachoweza kutumika msimu huo.

Tatu, dawa isipimwe katika chupa za soda. Mwanachama apewe chombo chenye lebo, na kwa asiyeweza kusoma, lebo isomwe kwa sauti mbele yake. Kipimo kisizidishwe kwa imani kwamba dawa kali huua zaidi.

Nne, chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba, kisha chupa itobolewe na kurudishwa chamani ili Bwana Shamba aelekeze namna ya kuiondoa. Isitumike kamwe kuwekea maji, mafuta wala pombe. Mabomba yasioshwe kisimani, mtoni wala mikokoni.

Tano, dawa itumike pale inapohitajika. Kupogoa matawi yaliyosongamana, kuondoa machipukizi ya ndani yanayouhifadhi ubwiriunga, na kupanda miche bora iliyozalishwa Naliendele, hupunguza idadi ya mara za kupulizia. Kazi hizo hugharimu jasho, lakini haziachi kitu katika damu ya mtu.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji fedha nyingi kuliko zile ambazo chama hutumia sasa. Lililo gumu ni moja, nalo ni kuiamini hatari isiyoonekana. Sumu inayotapisha hujitangaza yenyewe, na mtu huiogopa. Hii nyingine hukaa kimya hadi mtoto azaliwe, au hadi mtoto huyo akue na kutaka kuwa mzazi, na siku hiyo hakuna daftari litakaloonyesha ilitoka ghala gani. Kwa hiyo makatibu wanaombwa kuyasoma mazungumzo haya katika mkutano wa wanachama kabla ya chombo cha kwanza cha dawa kutolewa ghalani, wanawake wakiwemo mkutanoni, na mkutano uamue papo hapo nani atapulizia, nani atatunza funguo za ghala, na chupa tupu zitarudishwa wapi.