Mzee wa Kagera

Kila Julai 25 Tanzania huwakumbuka mashujaa wake kwa mashada ya maua, na ni haki yao. Walio hai tunawasikiliza lini? Katika meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba nilikaa na mzee aliyepigana vita vya Kagera dhidi ya Uganda. Hakujisifu. Alipandisha suruali, akanionyesha kovu gotini, kisha akasimulia daraja la Kyaka lililolipuliwa mwaka 1978, na mwendo wa miguu, buti zimejaa matope, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Majina ya wenzake waliokufa aliyataja yote, polepole. Walimu wa historia, wafuateni wazee hawa na vinasa sauti mwaka huu huu. Wanapungua.