Ua la Manjano la Vilima vya Mawe

Mvua ikinyesha Mwanza, kandokando ya njia za vilima vya mawe huchanua ua dogo la manjano. Ni aspilia, mmea wa asili wa Afrika, wa jamii ya alizeti.

Jani ndilo la kuguswa kwanza: hukwaruza kama msasa. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, kila moja na mishipa mitatu inayoanzia karibu na kikonyo. Mwaka 1983 watafiti Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika kwamba sokwe wa Gombe na Mahale huyameza majani ya aspilia bila kuyatafuna. Binadamu asiige!

Wengi huichanganya na alizeti mwitu iliyotoka Meksiko. Hiyo humpita mtu kwa urefu, jani lake limegawanyika, na ikiachiwa huteka kiwanja kizima. Bora isipandwe.

Aspilia haina makuu. Mbegu zilizokaukia kwenye ua hufukiwa juu juu tu vuli inapoanza, penye jua la kutwa. Ikishashika mizizi, huvumilia kiangazi cha Juni hadi Agosti. Ikizeeka, hukatwa karibu na ardhi ichipue upya.