Sindano za kuyeyusha mafuta: mteja atarajie nini?



Leo tunaanzia Mabela, katika wilaya ya Seeb, magharibi ya uwanja wa ndege wa Muscat. Hapa Kiswahili si lugha ya mgeni. Miongoni mwa wakazi wamo Waomani ambao wazee wao walitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Pamoja na lugha walikuja na harusi zao, na harusi huja na hamu ya kupendeza. Zamani hamu hiyo iliishia kwenye singo, hina na piko. Siku hizi ujumbe wa simu huleta pia ahadi ya sindano inayoyeyusha mafuta bila kisu.

Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ni mdogo kuliko tangazo.

Sindano hizi zilipata umaarufu kutokana na dawa ya Ujerumani iitwayo Lipostabil, iliyokusudiwa kutibu mafuta yanayoziba mishipa ya damu. Madaktari wa Brazil walianza kuidunga chini ya ngozi ili kupunguza mafuta, na mwaka 2003 mamlaka ya afya ya nchi hiyo ikaipiga marufuku. Mwaka 2004 watafiti wa California walionyesha kwamba kilichoharibu chembe za mafuta hasa hakikuwa kiini cha dawa hiyo, bali kiyeyushi kilichochanganywa ndani yake. Kiyeyushi hicho hutokana na asidi ya deoksikoliki, ambayo imo pia katika nyongo na huusaidia mwili kusaga mafuta ya chakula.

Mwaka 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya asidi hiyo kwa jina la Kybella. Idhini hiyo ilikuwa na mpaka: mafuta yaliyo chini ya kidevu cha mtu mzima, basi. Tumbo, mapaja, mikono na mgongo havikutajwa.

Je, mteja atarajie nini? Kwanza, si sindano moja. Kwa mujibu wa maelekezo ya dawa hiyo, kikao kimoja kinaweza kuwa na midungo hadi 50, na vikao vinaweza kufika 6, huku baina ya kimoja na kingine pakipita mwezi mmoja au zaidi. Anayehitaji vikao vyote sita, basi, ajiandae kwa miezi isiyopungua mitano.

Pili, kidevu hunenepa kabla ya kupungua. Dawa hupasua chembe za mafuta, na mwili hujibu kwa uvimbe wakati unapoziondoa. Katika majaribio yaliyotangulia idhini, karibu watu 9 kati ya 10 walivimba, 7 kati ya 10 walipata maumivu au mivilio ya damu, na wawili kati ya watatu walihisi ganzi. Biarusi aliyebakiwa na wiki mbili kabla ya kukaa mbele ya kamera anunua uvimbe, wala si uzuri.

Tatu, kuna madhara mazito zaidi. Katika majaribio hayo, watu 4 kati ya kila 100 waliguswa neva inayoendesha mdomo wa chini, tabasamu likaenda upande. Wote walipona, ila wapo waliongoja kwa miezi. Wengine walipata taabu ya kumeza. Dawa ikidungwa juu mno huweza kuchoma ngozi na kuacha kidonda.

Nne, hii si dawa ya kupunguza uzito. Chembe zilizokufa hazitarajiwi kurudi, lakini zilizobaki hunenepa iwapo mtu ataongeza mwili. Wala isichanganywe na sindano za semaglutidi, zinazodungwa mara moja kwa wiki kupunguza hamu ya kula. Hizo ni tiba nyingine kabisa, nazo pia zahitaji daktari.

Hatari kubwa zaidi imo katika chupa isiyojulikana na mkono usiojulikana. Mwaka 2023 FDA ilitoa onyo juu ya sindano zisizoidhinishwa nchini Marekani, zikiwemo zinazouzwa kwa majina ya Aqualyx na Lipo Lab. Baadhi ya watu walizinunua kwenye mtandao na kujidunga wenyewe. Taarifa zilizoifikia mamlaka hiyo zilitaja makovu ya kudumu, maambukizo makali, ngozi iliyoharibika umbo na vinundu vyenye maumivu.

Nchini Oman, kliniki binafsi hufanya kazi kwa leseni ya Wizara ya Afya. Saluni ni mahali pa nywele na hina. Haigeuki kliniki kwa sababu imepata kitanda na taa nyeupe. Kwa hiyo anayetaka huduma hii aulize bila haya: Dawa hii inaitwaje, na chupa yake iko wapi niisome? Anayenidunga ni daktari mwenye leseni? Nikivimba usiku wa manane, nimpigie nani? Mwenye kukasirishwa na maswali haya amekwisha kuyajibu.

Tena daktari hana budi kupapasa shingo kabla ya kushika sindano. Si kila kinachojaa chini ya kidevu ni mafuta. Huenda ni mitoki, au rovu, maradhi yanayotaka tiba na siyo urembo. Mteja naye asimfiche daktari dawa za kuzuia damu kuganda anazotumia, upasuaji wowote wa shingo, au ujauzito.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kutaka kupendeza si aibu. Lakini miezi mitano ya subira na leseni moja ukutani vina thamani kuliko ahadi ya siku saba iliyoletwa na simu.