Banda la Wachezaji na Nyumba ya Watu Wote

Mazungumzo ya juma hili yahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo: kuvunjwa kwa banda kuukuu la wachezaji kando ya uwanja, na kujengwa mahali pake nyumba itakayotumiwa na watu wote. Wasikilizaji wasilidharau. Katika vijiji vya Uingereza shauri la namna hii limewatenga watu waliozoea kunywa chai meza moja, na Kenya nayo ina habari zake.

Uwanja wa michezo wa kijiji cha Kiingereza mara nyingi ni mali ya watu wote, nao husimamiwa na halmashauri ya kijiji au na wadhamini. Alipofariki Mfalme George wa Tano mwaka 1936, fedha zilichangwa kwa ukumbusho wake, zikasaidia kupatikana viwanja 471, vikawekwa chini ya amana ili visigeuzwe kuwa maduka wala nyumba za kupangisha. Lakini ingawa ardhi ilikuwa ya wote, banda lililo pembeni lilihesabiwa kuwa la chama cha kriketi au cha mpira. Ni nyumba ndogo ya mbao yenye baraza ielekeayo uwanja. Ndani mna chumba cha kubadilishia nguo, jiko dogo la chai, na ubao wa majina ya manahodha. Mengine yalikuwa mabanda ya askari yaliyouzwa baada ya vita vya 1914–1918. Wachezaji wenyewe waliyapaka rangi, wakakata majani, wakaziba mapaa. Asiyeijua kazi hiyo hawezi kufahamu kwa nini mzee wa chama hukasirika aambiwapo kwamba banda lake halifai.

Hata hivyo mabanda yamezeeka. Mbao zimeoza, mabomba hupasuka wakati wa baridi kali, na mapaa mengine ni ya asibesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu; Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Tena liko kosa jingine ambalo rangi haiwezi kulificha. Mabanda hayo yalijengwa kwa kudhani kwamba mchezaji ni mwanamume. Siku iliyofuata Krismasi ya mwaka 1920, watazamaji wapatao 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kuwatazama wanawake wakicheza mpira. Mwaka wa pili yake Chama cha Mpira cha Uingereza kikawakataza wanawake kutumia viwanja vya vyama vyake, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Fundi aliyechora banda katika miaka hiyo hamsini angekiweka wapi chumba cha wasichana, na kwa ajili ya nani? Siku hizi wasichana wanacheza kwa wingi, na mahali pengine hubadilisha nguo ndani ya motokaa za wazazi wao.

Ndipo huzuka mabishano. Wachezaji husema kwamba watanyang'anywa Jumamosi zao. Arusi italetwa, viti vitapangwa, nao watafukuzwa mlangoni na viatu vyao vya matope. Wanakijiji wengine hujibu kwamba nyumba ifunguliwayo saa chache za Jumamosi, na kukaa imefungwa siku nyingine zote, ni hasara kwa mji mzima. Pande zote mbili zina haki, na ndiyo sababu maneno hayaishi upesi.

Katika shauri kama hili ukubwa wa jengo si kitu kama mpango wa milango. Vyumba vya kubadilishia nguo vyapasa kuwa na mlango wao wenyewe uelekeao uwanjani, ili matope yasifike ukumbini. Jiko na liwe katikati, lihudumie pande mbili. Kila chama kipewe ghala yake na kufuli yake, kwa maana ugomvi mwingi wa nyumba za shirika huanzia kwenye mipira iliyopotea na vikombe visivyooshwa. Asubuhi za siku za kazi ukumbi waweza kuwa wa kina mama na watoto wachanga, mchana wa wazee, jioni wa madarasa ya watu wazima. Lakini Jumamosi za wachezaji ziandikwe katika mkataba tangu mwanzo, zisiachwe kwa hisani ya katibu, maana makatibu hubadilika.

Nairobi yazijua nyumba za namna hii. Mtaa wa Kaloleni ulipojengwa katika miaka ya 1940, ukumbi uliwekwa katikati ya makao ya watu, si pembeni. Humo watu walicheza dansi, wakafanya arusi, wakakutana kwa mambo ya vyama na ya siasa, hata wakubwa wa Serikali wakaanza kuutazama kwa wasiwasi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa nyumba ile ni ya nani.

Habari za Kamariny, karibu na Iten, ni za namna nyingine. Uwanja huo wa zamani, ulio juu ya Bonde la Kerio, umewafunza mbio watu walioshinda nishani za dunia. Katika miaka ya 2010 kazi ya kuujenga upya ilianzishwa; njia ya zamani ikachimbuliwa, kisha kazi ikasimama, na wakimbiaji wakakaa miaka mingi wakitafuta mahali pengine pa kufanyia mazoezi. Yafaa basi fedha zihesabiwe zote kabla shoka halijagusa banda, hata kama banda lenyewe lavuja.

Tena zisihesabiwe fedha za kujengea tu. Uingereza ina bahati nasibu ya taifa tangu mwaka 1994, ambayo sehemu ya mapato yake husaidia michezo na kazi za jamii. Halmashauri huongeza kidogo, na wanakijiji huchanga kwa kuuza keki. Fedha za kutunza jengo ndizo ngumu, kwa kuwa hapana mfadhili atamaniye jina lake liandikwe juu ya mfereji wa paa. Sehemu ya kila kodi ya ukumbi iwekwe akiba kwa ajili ya paa tangu mwezi wa kwanza, na hesabu zake zibandikwe ukutani watu wazisome.

Ubao wa majina ya manahodha na ushushwe mwisho kabisa, siku ya kuhama, utundikwe katika ukumbi mpya. Na kando yake iachwe nafasi ya ubao wa pili, wa timu ya wasichana.